Muhuri Kila Ukurasa

Jumapili, 19 Julai 2009. Karatu.

Baridi. Ukungu umeshuka kutoka huko juu msituni tangu alfajiri, na sasa ni saa nane mchana bado upo, umekalia mabati ya watu kama mgeni asiyejua kuaga. Doreen amelala mgongoni kwangu. Steshenari Jumapili hatufungui, lakini bosi ameniachia ufunguo nije nichape mambo yangu, mradi nisiguse wino wa printa.

Sikwenda kanisani leo. Ni mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilijua nikienda nitamkuta Mama Fabiola kwenye benchi letu la kila wiki, atanyoosha mikono kumpokea Doreen, na Doreen atamrukia. Mtoto hana kosa. Yule ni mama yake wa ubatizo.

Sikuweza.

Nyie mnaosoma hapa mko wanne, kile kihesabu cha pembeni kinaniambia, na nadhani mmoja wenu ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo naweza kusema. Nimesalitiwa. Na nilivyokaa na hilo neno tangu juzi, naona na mimi nimesaliti mtu. Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka sitaeleweka.

Mimi nimeishia la saba. Nilipopata mimba nyumbani palikuwa hapakaliki. Mama Fabiola ndiye aliyenichukua, akanipa chumba cha uani, akanipeleka mwenyewe Mto wa Mbu kujifunza kuchapa kwa miezi mitatu. Siku Doreen anazaliwa Baba Doreen alikuwa Wasso na wageni, ni mpishi wa kambi yule, na aliyenishika mkono mpaka asubuhi ni Mama Fabiola. Nilimng'ata kidole. Kovu analo mpaka leo, huwa anawaonyesha watu na kucheka. "Huyu mwanangu ana meno!"

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Nimeona niseme kwanza.

Yeye pia ni mwenyekiti wa kikundi chetu. Tuko akina mama thelathini na mmoja. Wageni wakishatoka kreta kuangalia wanyama wanaletwa kwetu kuangalia watu: wanakuja majumbani, wanasaga mahindi na sisi, wanajaribu kusuka, wanakula makande, wanapiga picha, wanamlipa mwenye nyumba, wanapanda gari. Katibu wetu alihamia Babati kumfuata mume, na nafasi ikawa wazi. Hapo ndipo Dada Basilisa aliposimama akasema anaomba ukatibu.

Basilisa haoni. Surua ilimpitia akiwa na miaka minne. Alisoma shule ya wasioona mpaka kidato cha nne, akasomea kazi ya kupokea simu maofisini, kazi haikupatikana, akarudi kwa mama yake kuchambua maharage. Ana laptop moja imekwaruzika aliyoachiwa na mgeni, na ndani yake kuna programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ni ya kujaribia tu, kila dakika arobaini inakata mpaka uzime mashine na kuwasha upya. Na Kiswahili inakisoma kama mzungu aliyeshuka ndege leo asubuhi. Mwanzoni sikuwa nashika hata neno. Basilisa anaisikiliza kwa kasi ile ya mnadani huku anakupigia story nyingine.

Kwenye kikao cha mwezi wa tano watu waligawanyika. Wapo waliosema kipofu atasomaje muhtasari, atatusomea ukuta? Mama Fabiola akanyoosha mkono wakanyamaza wote.

"Tumpe nafasi. Kikao cha mwezi wa saba atusomee muhtasari wa kikao hiki, hapa hapa, mbele yetu. Akisoma, tunapiga kura. Asiposoma, basi tusilaumiane."

Nililia kwa furaha mimi. Nikajitolea kuchapa kila kitu: katiba ya kikundi na mihtasari ya miaka yote, mingine ya taipureta, mingine ya mwandiko. Mama Fabiola akaweka sharti moja. Vyote vikae kwenye flash ya kikundi, visibaki kwenye mashine ya Basilisa mpaka achaguliwe, maana ni siri za kikundi. Niliona ni sawa kabisa.

Nilijidai najua kuchapa. Siku ya kwanza namletea Basilisa katiba nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani. Nilikuwa nimeipamba haswa. Vichwa vikubwa vyeusi katikati ya ukurasa, mistari ya nukta nukta ya kuweka sahihi, zamu za wageni nimezipanga kwa kugonga kitufe cha nafasi mpaka zikanyooka kama mahindi ya trekta.

Akafungua. Mashine ikaanza: doti doti doti doti doti doti.

"Paska," akaniambia, "hii ni katiba au mvua?"

Tukacheka mpaka mama yake akaja kuchungulia. Kisha akanifundisha, jioni baada ya jioni, Doreen anacheza na ungo miguuni petu. Kwamba kuongeza ukubwa wa herufi hakumwambii yeye kitu, lazima niiambie kompyuta yenyewe kwamba hiki ni kichwa. Nikishafanya hivyo yeye anaweza kurukia kichwa hadi kichwa, kama vile mimi ninavyotupa jicho. Kwenye mtandao anabonyeza H tu, anaruka. Kwamba zamu zile nilizozipanga kwa nafasi zinamfikia zimechanganyika, majina huku tarehe kule, kwa hiyo niweke jedwali la kweli, na safu ya juu iseme kila kitu ni nini. Kwamba picha niiandikie maneno, la sivyo kwake ni shimo.

Na kubwa kuliko yote: karatasi ukiiskani inakuwa picha. Hata kama imejaa maandishi, ni picha. Mimi nitayaona. Yeye hatapata hata nukta.

Miaka yote hii nimechapia watu barua za kazi, mialiko, risala za maaskofu, na sikuwahi kuwaza kwamba nachapia macho tu.

Nikarudia kila kitu upya. Wiki nne. Basilisa alivyofungua mara ya pili, vidole vilitembea kichwa hadi kichwa. Halafu akasema taratibu, "Paska, naiona yote. Naiona ilivyo ndefu."

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Nilimfanyia Mama Fabiola onyesho. Nilimpeleka kwa Basilisa, nikamfunga macho kwa kanga yangu, nikamvalisha zile spika za masikio, nikambonyezea. Akasikiliza katiba ya kikundi chake inasomwa na ule mzungu wa ndani ya mashine. Alicheka, halafu machozi yakachuruzika chini ya kanga. Nilimwonyesha na karatasi iliyoskaniwa. Kimya. Akafungua kanga akaniangalia. "Kwa hiyo hii kwake ni kama hakuna?" Nikamjibu ndiyo mama, ni kama hakuna.

Kwa hiyo alijua. Hilo sitaki mtu aje anichanganye. Alijua.

Na mimi ndiye niliyempa na sababu. Siku hiyo hiyo tunarudi, natembea pembeni yake, najipendekeza kwa habari nzuri, nikamwambia, "Mama, huyu Basilisa ana akili! Amesikiliza mihtasari ya mwaka juzi, amegundua tulikubaliana wageni wapokelewe kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Anauliza mbona zamu haijawahi kufika kwa Mama Safari, na mbona kwako wanakuja kila wiki." Nilikuwa nacheka. Naapa nilikuwa nacheka. Nilidhani nasifu.

Mama Fabiola akasema, "Kweli ana akili." Akanunua ndizi, akampa Doreen moja.

Jumanne iliyopita akaja hapa steshenari. Akasema nimpe flash, anataka kuchapisha zote azigonge muhuri kabla ya kikao, maana hati bila muhuri hata ukiipeleka wapi inarudishwa. Hilo nalo ni kweli, nani asiyejua? Hapa kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Akasema pia, "Na hiyo iliyobaki kwenye kompyuta ya duka uifute, mwanangu. Watu wengi wanaingia hapa."

Nikamwambia, "Sawa mama, ila usiziskani. Zikirudi kwenye flash zikiwa picha, Basilisa hasomi."

"Nimekuelewa, mwanangu. Muhuri kwenye karatasi tu."

Nikafuta. Mbele yake. Hata kwenye kapu la takataka nikaondoa, ili aone nilivyo mwaminifu.

Basi, Ijumaa. Kikao kilikuwa kwenye darasa la la tano, shule zikiwa likizo, akina mama wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Basilisa alikuja na sweta jipya la zambarau alilofumiwa na mama yake. Akaweka laptop kwenye meza ya mwalimu, spika moja sikioni, sikio lingine wazi ili atusikie. Mama Fabiola akamkabidhi flash kwa mikono miwili, kama sakramenti. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, Doreen anapiga makofi na yeye.

Akafungua. Akabonyeza mshale wa chini.

Akabonyeza tena.

Niliona vidole vyake vinavyokimbia, anatoka, anaingia, anatoka. Mtu akakohoa. Basilisa akavua spika akasema kwa sauti nzuri tu, "Mwenyekiti, hati ni tupu."

"Tupu?" Mama Fabiola akainua bunda la karatasi juu kila mtu aone. "Si hizi hapa? Ukurasa kwa ukurasa, na mihuri yake!"

Nyuma huko mtu akasema, "Labda na kompyuta nayo haioni!" Darasa zima likacheka. Hata waliompenda walicheka.

Nikainuka nikaenda mezani. Nikaangalia skrini. Vyote vilikuwepo. Kila neno nililochapa, na juu yake muhuri wa bluu, kila ukurasa, umegongwa vizuri, umenyooka. Picha. Zote picha. Mimi nilikuwa natazama katiba nzima, na mwenzangu kando yangu ametazamishwa hewa.

Mama Fabiola akaniuliza mbele ya watu wote. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kunibembeleza siku ya uchungu. "Mama Doreen, wewe ndiye mtaalamu wetu. Hebu tuambie, hapo kwenye kompyuta unaona maandishi, au huoni?"

Nikasema, "Naona."

Neno moja. Nilitaka kuendelea, nilikuwa nalo lingine mdomoni, naona lakini ni picha. Tayari walishaanza kuongea. "Si anaona!" "Basi tusilaumiane, tulikubaliana." "Jamani tusimwaibishe dada wa watu, tuendelee na ajenda." Nikasema ni picha, nikasema tena, sauti yangu ikafia kwenye mablanketi. Basilisa alikuwa amegeuzia uso upande wangu. Akafunga laptop polepole. Wifi yake Mama Fabiola akapewa ukaimu mpaka kikao cha mwezi wa tisa.

Nilisema kweli tupu, na hakuna uongo niliowahi kusema uliomuumiza mtu kama ule.

Kikao kilipoisha nilimfuata Mama Fabiola nyuma ya darasa. "Mama, nilikuambia. Nilikuonyesha."

"Ulitaka nipeleke hati bila muhuri? Hati bila muhuri ni hati hiyo?"

"Ungegonga karatasi, ile ya kwenye flash ungeiacha."

Akavuta pumzi. "Zamu, zamu! Hiki kikundi nani alikianzisha? Hao wageni nani aliwafuata mahotelini kwa miguu, wakati nyie mmelala? Leo mtu aje na kimashine anihesabie waliokuja kwangu?" Halafu akamwona Doreen kofia imelegea. Akainama, akamfunga kamba za kofia chini ya kidevu, taratibu, fundo zuri, huku anaendelea kuniambia, "Nimekulea mimi, Paskalina. Usije ukasahau."

Ndicho kinachonishinda. Lile fundo. Nilifika nalo nyumbani, nikaliangalia, sikutaka kulifungua, na sikutaka kuliacha.

Jana nilikwenda kwa Basilisa. Mama yake alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, nikamwamkia shikamoo aayo, yaani mama kwa lugha yao, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Basilisa alikuwa ndani na sinia lake la maharage. Nikakaa. Nikamwambia yote: flash, kufuta, na ile habari ya zamu niliyoipeleka mwenyewe nikicheka.

Vidole vyake havikusimama. Zuri huku, bovu kule.

"Ulifuta mwenyewe?"

"Nilifuta mwenyewe."

"Na ulipoulizwa, ukasema naona."

"Nilisema."

Akachambua kama sinia nusu. Nikawa nasubiri anitukane, ningeshukuru. Akasema, "Nenda nyumbani, Mama Doreen. Mtoto anapata baridi."

Mama Doreen. Tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo. Kwake mimi ni Paska.

Nimerudi nikakaa, nikalia, nikamnyonyesha mtoto, nikafua. Nilijaribu kumchukia Mama Fabiola nikashindwa katikati. Naanza vizuri, nafika kwenye kidole chake chenye kovu, nakwama. Mtu anaweza akakuokoa kwa kweli, na akakutumia kwa kweli, kwa mkono ule ule? Sijui. Nimesoma mpaka la saba tu, haya hayakufundishwa.

Lakini leo nimeamka nina jambo. Ijumaa kila mwanachama alipewa nakala ya katiba, ile ya mihuri. Mihtasari wamerudisha kwenye kabati la mwenyekiti, ufunguo anao yeye. Katiba ninayo. Nimeiweka hapa pembeni ya kibodi, nachapa upya tangu saa nne. Mara ya tatu sasa. Bila mapambo. Hakuna hata nukta moja ya bure.

Nimefika kifungu cha kumi na moja, nikasimama.

Nimekichapa mara mbili hiki kifungu na sikuwahi kukisoma. Vidole vilipita, akili ilikuwa kwenye sufuria. Kinasema: Kila mwanachama ana haki ya kusoma katiba na mihtasari yote ya kikundi, wakati wowote, kwa njia anayoiweza, bila kuomba ruhusa ya kiongozi.

Na chini yake sahihi ya Mama Fabiola, ile yenye mkia mrefu, na muhuri wa bluu. Umekolea. Hauna mahali uliporuka.

Nimecheka peke yangu humu dukani mpaka Doreen akashtuka mgongoni. Aliugonga ule muhuri mwenyewe, kwa nguvu zake zote.

Naogopa. Nisijifanye shujaa. Chumba cha uani bado ni chake, na tukionana njiani sijui nitaamkia vipi. Nitaamkia shikamoo, bila shaka. Ni mama yangu. Halafu kikao cha mwezi wa tisa nitasimama kabla hajaniuliza chochote, na nitasoma kifungu cha kumi na moja kwa sauti, na nitaomba mihtasari itoke kabatini nichape tena, na nakala ibaki kwenye mashine ya Basilisa. Wakinizomea nitaendelea kusoma. Safari hii nitamalizia sentensi.

Kuna jambo lingine. Basilisa huja hapa dukani kila Jumanne kusikiliza barua pepe zake. Na hii blogu ni herufi tupu. Hakuna anayeweza kuja kuigonga muhuri. Kwa hiyo katiba yote naiweka hapa chini, kifungu kwa kifungu. Siyo siri, kila mwanachama anayo nyumbani, isipokuwa mmoja.

Dada Basilisa, kama umefika hapa, na huyo mzungu wako hajakata dakika zake, usinijibu kama hutaki. Bonyeza H. Kila kifungu nimekiwekea kichwa cha kweli. Bonyeza mara kumi na moja, kisha shuka mstari mmoja.

Mimi nitakuwa mezani kwangu. Ukitaka kuniita, niite jina lolote.